Samahani ya Nyumba kwa Nyumba

Suhaib nilimnyonyesha mimi. Naliweka hilo mbele kabisa, kwa sababu watu wa Ngwachame wakilisimulia jambo hili hulianzia kwenye waya wa kambi, au kwenye uchaguzi, na wote wanakosea. Mama yake alifariki siku ya nne baada ya kumzaa. Mimi nilikuwa na Jabir wa wiki tatu kifuani, nikamweka mmoja kushoto na mmoja kulia. Suhaib ndiye aliyekuwa na pupa. Akimaliza ziwa la kwake analia mpaka nimpe na la nduguye, na Jabir, mtoto mpole wa watu, anamwachia. Tulikuwa tukicheka sana.

Leo mmoja ni Mheshimiwa Mwakilishi, ana gari na suti tatu. Mwingine anatembea kwa gongo, na alikuwa mchumaji karafuu ambaye hapa kijijini hakuna aliyemfikia kwa kupanda.

Kambi ya askari ipo tangu mimi sijaolewa. Miaka yote hiyo tulipishana nayo vizuri. Walinzi walikuwa wakituitikia salamu tukipita na kamba zetu za mwani kichwani. Kisha akaja mkuu mpya, na waya ukasogezwa mpaka ukaimeza njia ya pwani. Hatukuandikiwa barua wala hatukuitwa mkutano. Tuliamka siku moja tukakuta nguzo. Tangu hapo sisi wanawake wa mwani tukawa tunazunguka mikokoni, tope mpaka magotini, na tukifika kwenye vigingi vyetu maji yameshaanza kurudi. Kazi ya mwani haina mjadala na maji. Ukichelewa bamvua hii, siku za maji kutoka mbali, unangoja nyingine, na kamba zinaoza.

Basi ulipokuja uchaguzi Suhaib akasimama juu ya meza kwenye uwanja wa skuli, akaninyooshea kidole mbele ya umma. "Mama yangu yule anapita mikokoni kama nguruwe mwitu," alisema. "Nikipita mimi, njia hino itafunguka kabla ya Ramadhani." Watu wakapiga vifijo. Mimi sikupenda kufananishwa na nguruwe, lakini nililia kwa furaha, na kura yangu nilimpa, na za wenzangu nilizizungukia moja moja.

Alishinda. Na kwa haki ya Mungu, mwanzoni alijaribu. Mwezi wa pili alikuja na barua yenye muhuri, akafuatana na sisi wanawake kumi mpaka getini. Mkuu wa kambi alimwacha kasimama juani nusu saa nzima. Alipotoka aliishika barua kwa mkono wa kushoto, akaisoma huku anatafuna kitu.

"Barua hii nimeandikiwa mimi?" aliuliza.

"Umeandikiwa wewe, Afande. Wananchi hawa walionichagua—"

"Wamekuchagua wewe," mkuu akamkata. "Mimi hawakunichagua." Akamrudishia barua yake, akaingia ndani.

Kanzu ya Suhaib ilikuwa imelowa mgongo mzima. Njia nzima ya kurudi nilimwonea huruma mpaka nikasahau kazi yangu iliyokuwa inaoza baharini. Mtu amepigiwa kura na maelfu, anasimamishwa getini kama muuza samaki. Iliniuma hasa.

Ndipo likaja wazo la kwenda wote. Lilipangwa uani kwangu, na Suhaib mwenyewe alikuwepo. Watu ishirini tu, wanawake mbele na kamba za mwani mabegani, wanaume nyuma. Hatuna jiwe, hatuna fimbo. Tutafika wayani Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, wakati maji yanatoka, na tutaomba kupita. Saa tuliambiana mdomo kwa mdomo, na kila mmoja aliapa. Suhaib alisema yeye hatakuwepo, ana kikao cha Baraza Unguja, anaondoka Jumamosi kwa boti ya Mkoani. Tulimwelewa. Tulimwambia aende akatusemee huko.

Jumatatu saa moja na nusu tulikuta gari mbili zinatungoja nyuma ya ghala la zamani la karafuu, kabla hatujafika wayani. Ofisa mmoja alishuka na karatasi mkononi. Hakutuuliza tumefuata nini. Alisoma majina.

"Jabir Ame Hamad."

La kwanza lilikuwa la mwanangu. Yalisomwa saba, yote ya wanaume, yote sahihi mpaka jina la babu. Wakapakiwa mbele ya macho yetu, na sisi tukabaki na kamba zetu mabegani.

Siku ya pili Suhaib alirudi mbio. Alikwenda getini akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akawaambia walinzi kwamba nchi hii ina sheria. Watu walimbeba juu kwa juu. Na mimi nilimwombea dua, na nilijisemea kumbe ziwa langu halikupotea bure.

Jabir na wenzake walishushwa Gombani, karibu na uwanja wa mpira, siku ya kumi na moja, saa sita mchana. Wenzake walishuka wenyewe. Jabir alishushwa. Goti la kulia lilikuwa limevimba, na daktari alipolitazama alisema litapona kwa kutembelea lakini si kwa kupandia. Mwanangu hakulia. Aliuliza tu msimu wa karafuu umebaki miezi mingapi, kisha akageukia ukutani.

Mimi sikutaka tena njia ya pwani. Nilitaka kumjua aliyeyaandika yale majina. Yule ofisa ni mgeni, hawezi kumjua babu yake Jabir. Alikuwepo mtu wetu, aliyekaa uani kwangu, akala muhogo wangu, akaapa. Nilikuwa nikimtazama kila jirani mdomoni, nikijiuliza mdomo huu au ule. Usiku nilikuwa silali.

Nikamwendea Shehe Masoud, imamu wetu, nikamwambia nataka Halbadiri.

Halbadiri si mchezo. Ni kisomo cha kuwataja watu wa vita vya Badri na kumwomba Mungu amtoe hadharani mkosa aliyejificha, na kwetu kila mtu anamjua mtu aliyepigwa nayo, tumbo likamjaa au akili ikamruka. Kwa hiyo haisomwi kwa kushtukiza. Inatangazwa msikitini Ijumaa tatu, ili mwenye kosa apate nafasi ya kujitokeza na kuomba msamaha, na ya tatu ndiyo inasomwa.

"Ushafikiri, Bi Saada?" Shehe aliniuliza.

"Nishafikiri toka goti lile lilipovimba."

Akatangaza. Ijumaa ya kwanza haikupita hata siku moja, watu wakaanza kutafuta wa kumtupia. Na wa kumtupia alikuwepo karibu: Epifania, mke wa Egidius, mpishi wa kambini. Wakristo, watu wa bara, wana miaka sita hapa kwetu. Epifania hakuwepo uani kwangu siku ile, wala hajui jina la babu wa mtu, lakini nani alijali? Kisimani wanawake walianza kumpisha kama ana ukoma. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimpisha pia.

Jumapili baada ya Ijumaa ile ya kwanza Suhaib alikuja nyumbani na kanzu nyeupe, akasema amepata nafasi ya kwenda Umra na anaondoka Jumanne. Nilifurahi sana. Kwetu mwenye safari ile haondoki na haki za watu shingoni. Anazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Na unayeombwa huulizi kosa gani. Ukiuliza unaonekana mchimbaji, mtu wa roho mbaya. Unasema tu nimekusamehe, na unamtaka akuombee.

Alinipigia magoti ukumbini. "Mama, nisamehe ninayoyajua na nisiyoyajua, ya dhahiri na ya siri."

"Nishakusamehe, mwanangu, dunia na akhera. Na ziwa langu halali yako."

Akaingia chumbani kwa Jabir. Niliwasikia kutoka ukumbini. Alisema maneno yale yale, na Jabir akacheka, mara ya kwanza tangu arudi.

"Weye una kosa gani kwangu? Labda la maziwa. Nishakusamehe, ndugu yangu, dunia na akhera. N'ombee hili goti."

Nilimwona Suhaib anatoka pale anajifuta machozi kwa kilemba. Nikadhani ni mapenzi. Akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, na zote saba za waliokamatwa, kisha kijiji kizima mpaka magharibi. Hapakuwa na mlango aliouruka isipokuwa wa Epifania.

Ijumaa ya pili ikatangazwa, Suhaib yuko Makka. Jumamosi yake asubuhi Epifania alinifuata shambani. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Mama Jabir. Usinifukuze. Nina swali moja tu."

"Marahaba. Uliza."

"Hicho kisomo chenu kinawapata na wasio Waislamu?"

Nikajisemea kumbe ndiye. Nikaweka jembe chini. "Kwani umefanya nini, Epifania?"

"Mimi sijafanya. Ni mume wangu. Nataka kujua kama kitampata mtu ambaye alipeleka chai tu."

"Chai gani?"

Akaanza kulia. Akasema kwamba Jumapili ile, siku moja kabla ya gari kutungoja ghalani, Egidius aliagizwa apeleke chai ya tangawizi nyumbani kwa mkuu wa kambi, ana mgeni. Mgeni alikuwa anaandika kwenye karatasi. Mandazi hakugusa, na chai ilipoa mbele yake. Egidius alimjua, nani asiyemjua? Na mkuu alimwambia Egidius kwa kicheko, "Hukumwona mtu hapa, sawa?" Tangu hapo mume wake hakuthubutu kusema, kibarua kingeota nyasi au mabaya zaidi. Lakini sasa kisomo kinamtisha kuliko mkuu.

"Mgeni nani?" niliuliza, na nilikuwa nimeshajua, na nilikuwa naomba nisijue.

"Mheshimiwa," alisema. "Mwanao yule."

"Mwanangu alikuwa Unguja."

"Alikuwa kwenye kiti, Mama Jabir. Kwa mkuu wa kambi."

Nilikaa chini kwenye matuta ya muhogo. Sikumbuki Epifania aliondoka saa ngapi. Nakumbuka tu nilijihisi mjinga, mjinga mkubwa, mwanamke mzima niliyepiga magoti usiku kumwombea mtu aliyemvunja mwanangu.

Hata hivyo sikutaka kumhukumu kwa neno la mtu mmoja. Nikaenda kwa Shehe Masoud, nikamzungukia kwa mbali.

"Shehe, ntu akishasamehewa na mwenye haki yake, Halbadiri yamgusa?"

"Haimgusi. Mwenye haki kesha'samehe, Mungu atamdai nini tena?" Kisha akacheka kidogo. "Ajabu hino. Mheshimiwa naye kaniuliza swali hilo hilo, siku mbili kabla ya kusafiri. N'kamjibu vyo hivyo."

Basi nikajua yote. Hakwenda Makka kwa Mungu. Alikwenda kwa ajili yetu sisi, apate sababu ya kupita milangoni. Alituibia samahani nyumba kwa nyumba, akaivaa, na sasa kisomo kitasomwa, yeye hatadhurika, na kijiji kitasema Halbadiri haikumpata ntu wetu, basi aliyefanya ni wale wa bara. Egidius na mkewe wangebebeshwa.

Suhaib alirudi Jumatano. Alhamisi alikuja kwangu na tende na galoni ndogo ya zamzam, akanibusu mkono. Jabir alikuwa kakaa kitini, mguu kaunyoosha. Sikumpa mtu nafasi ya kunywa.

"Chai ya nkuu wa kambi ilikuwa na tangawizi?" nilimuuliza.

Alikuwa anafungua kifuniko cha galoni. Mkono ukasimama pale pale. Hakuuliza chai gani, na hilo lilinitosha. Jabir alinitazama mimi, akamtazama yeye.

"Mama," Suhaib alisema, "nisikilize."

"Nakusikiliza."

"Aliniita. Safari ya Unguja nliiahirisha. Aliniambia, wewe umechaguliwa kwa miaka mitano, sisi hatuchaguliwi na hatuondoki. Keshajua kama mnakuja, hakujua saa. Kasema vijana wake wana risasi, na watu wakiwatokea ghafla wayani yeye hajibu litakalotokea. Nikimpa saa na majina ya wanaume, atawaweka ndani siku mbili tatu, yaishe. Akanipa kalamu." Akanisogelea. "Mama, mlikuwa mbele nyie wanawake. Weye ulikuwa mbele. Nlikuokoa."

Na ninakiri, hapo nilitaka kumwamini. Huenda ni kweli aliogopa kwa ajili yangu. Mtu yule wa getini, na kanzu yake ilivyolowa, nilimkumbuka.

"Ungekuja ukatwambia tusende," nilisema. "Siku ile ile ungekuja. Tungekaa."

"Mngeniona mwoga. Mngesema tumemchagua wa nini."

Jabir ndiye aliyeuliza. Aliuliza taratibu, kama anauliza saa. "Na jina la kwanza? Kwa nini mimi?"

Suhaib alikizungusha kifuniko cha galoni mkononi.

"N'ambie, Suhaib. N'na haki ya kujua."

"Ningekuacha nje," Suhaib alisema, macho chini, "wangenijua. Nani angenishuku, ndugu yangu mwenyewe ndo wa kwanza?"

Jabir aliitikia kwa kichwa. Akachukua gongo lake, akaenda chumbani, akafunga mlango polepole kabisa.

"Mama, ushanisamehe," Suhaib aliniambia. "Ulisema dunia na akhera."

"Nilisema."

"Hurudishi."

"Sirudishi. Neno langu si barua ya Serikali." Nikamrudishia galoni yake, maana maji yale matukufu hayana kosa na sikutaka kuyamwaga. "Kesho njoo msikitini. Usipokuja watauliza."

Alikuja. Alikaa safu ya mbele, kilemba kipya, tasbihi mkononi. Baada ya sala ya Ijumaa duara likapangwa barazani, wanaume mbele, sisi wanawake upande wa kivuli. Ubani uliwashwa. Hakubaki mtu nyumbani. Epifania na mumewe nao walikuja, wakasimama mbali, nje ya ukuta, na watu wakageuka kuwatazama na kunong'ona.

Shehe Masoud alifungua kitabu, kisha akasema kama inavyosemwa kabla ya kuanza: "Mwenye haki atamke nia yake."

Nikasimama. Nilimtazama Jabir, naye akanipa ishara ya kichwa, ile ile ya jana.

"Shehe, funga kitabu," nilisema. "Halbadiri haisomwi."

Kukawa na minong'ono. Shehe akauliza kwa nini, mama, na Ijumaa ya tatu hino.

"Kwa sababu ntu tunayemtafuta tushamsamehe. Mimi nishamsamehe, Jabir keshamsamehe, na nyie wote hapa mshamsamehe, kulla ntu mlangoni kwake, dunia na akhera. Kisomo hakimgusi tena. Wale wawili mnaowatazama kule ukutani hawajasamehewa na ntu, maana hawakwenda mlangoni kwa ntu kuomba radhi, na hawana kosa. Nimemaliza."

Nikakaa. Jina sikulitaja, na sikuwa na haja. Nilikuwa nawaona watu wanavyofikiri. Mmoja alianza, jirani yake akafuata. Ni nani aliyekuja mlangoni kwangu kuomba samahani? Ni mmoja tu. Uso baada ya uso uligeuka kutoka ukutani kwa Epifania ukaelekea safu ya mbele, na hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetukana. Walishamsamehe. Wangemfanya nini? Walioketi karibu naye walisogea tu, huku na huku, mpaka akabaki peke yake kwenye mkeka.

Jabir alisimama kwa gongo lake. Alipita mbele ya Suhaib bila kumtazama, akaja upande wa wanawake kunifuata.

"Mama," Suhaib aliita. Aliita vile vile alivyokuwa akiita mdogo, akitaka na la nduguye.

"Naam," nilimwitikia, maana nimeshamsamehe. Kisha nikamshika Jabir mkono tukaenda zetu nyumbani.